Valvu ya Manowari Iliyokufa

"Valvu hii imetoka meli gani?"

Perihan, mtunza bohari, aliuliza huku akingoja hati. Fundi Rıfkı aliitupa tu juu ya kaunta, akaenda zake kunywa chai. Chuma hicho kilikuwa kimelala gatini kwenye theluji tangu jana, lakini kilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi.

Jibu alilijua, na ndilo lililomkera. Manowari zile kuukuu za Kimarekani zilikuja bandarini İzmit zikiwa ndugu, za muundo mmoja, na vipuri vyake havikuundwa tena popote. Basi iliyokufa gatini ikawa inaliwa na zilizo hai: leo pampu, kesho valvu. Hilo si kosa. Kosa ni haraka.

"Boila lililokuwa na valvu hii mlilifunguaje?" alimuuliza mdogo wake Şükrü, mchochea moto melini.

"Nati ziligoma, dada. Nikamwaga ndoo nzima ya maji yanayotokota."

"Ukasema destur?"

Şükrü akainamisha kichwa. Nani wa pwani ile asiyejua kwamba humwagi maji ya moto gizani kabla ya kuwataka radhi kwa neno hilo viumbe wale wasiotajwa, wapishe njia?

"Fundi alinicheka. 'Destur za bibi yako ziache jikoni, bwege wee, meli inangoja!'"

Adhuhuri, jua likimetameta juu ya theluji, ikaja harufu ya nywele mbichi zinazoungua. Kisha valvu ikalia. Kilio chembamba cha kichanga aliyechoka kulia kikatoka ndani ya chuma, kikapanda rafu kwa rafu, kikazunguka bohari hadi kikasimama nyuma ya Şükrü, naye akararua shati lake akipiga mayowe, na Perihan akaona malengelenge yakimpanda kutoka kiunoni hadi shingoni, moja baada ya jingine, kana kwamba mtu asiyeonekana anammwagia kwa kijiko, pole pole, bila haraka yoyote.

"Amemuunguza mtoto wao," akanong'ona Shehe Nazmi alipoletwa. "Mama mtu anadai. Irudisheni, na aliyemwaga aombe msamaha."

"Haitoki!" Rıfkı akafoka. "Nishasaini hati kwamba ni valvu mpya."

"Mpya? Huna haya wewe! Mdogo wangu akifa, utamsaini naye kuwa mpya?"

Perihan akaifunga valvu kwa koti lake, akamkokota Şükrü hadi ndani ya manowari iliyokufa. Akairudisha valvu mahali pake, na kijana akapiga magoti mbele ya boila.

"Destur. Nisameheni. Sikumwona."

Kilio kikakatika. Malengelenge yakanywea. Perihan akalia kwa furaha.

Walirudi boharini, Şükrü akitetemeka. Perihan akamfunika blanketi, akainjika birika. Lilipochemka, Şükrü akalinyakua jikoni kwa mikono mitupu, akaweka mdomo wa birika midomoni mwake, akagugumia hadi nusu bila kupepesa jicho. Kisha akakunja mkono kifuani kama anayepakata kichanga, akamnyooshea dadake birika, na kwa sauti ya mwanamke akasema:

"Dada, mmiminie na mtoto."