Sitabanduka

Kiti kilikuwa cha moto.

Nesi mgeni alikikalia saa moja na robo asubuhi, siku yake ya nne kazini, akaruka kama aliyekalia pasi. Kilikuwa kiti cha plastiki tu, kando ya kitanda namba tatu, na jua lilikuwa bado halijafika upande ule. Fundi cherehani mstaafu aliyelala pale hakuwa na mke, mtoto wala jirani wa kumtembelea. Nesi akakigusa tena kwa kiganja. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuinuka sasa hivi, na hewani palikuwa na harufu ya kitambaa kilichoungua.

"Ahsante, mwanangu," fundi akasema. "Kukesha na mzee kama mimi si mchezo."

"Nimekesha mimi, baba?"

"Si ulisema hutabanduka? Na kweli hukubanduka. Ila mikono yako usiku ilikuwa inachoma."

Nesi akacheka kujitoa kimasomaso. Nyumba ile ilitunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na dawa za maumivu huwaotesha watu wakiwa macho. Alijiambia hivyo mpaka alipochukua karatasi ya uangalizi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Ilikuwa imejazwa kila saa, kuanzia saa nane mchana wa jana alipomaliza zamu hadi saa moja asubuhi ile, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa kulalia kushoto uliomponza tangu shuleni. Nipo. Nipo. Nipo.

Akampelekea mkuu wa zamu, mama wa makamo waliyemwita Bibi Saa kwa ile saa aliyoibana kifuani kwa pini. Bibi Saa alikuwa mtu wa kugomba hata kijiko kikipotea. Safari hii hakugomba, na hapo ndipo nesi alipoogopa kweli. Alimvuta hadi chumba cha mashuka, akafunga mlango.

"Ulimwambia nini yule mzee?" alinong'ona.

"Aliniuliza kama nitakaa naye mpaka mwisho. Alikuwa analia, Bibi. Nikamwambia nitakaa, sitabanduka."

"Halafu saa nane ukabeba mkoba ukaenda zako."

"Zamu ilikuwa imeisha!"

"Siku ya kwanza niliwaambiaje? Humu tunasema 'nipo sasa', basi. Nyinyi mkadhani ni roho mbaya ya kizee." Bibi Saa alijifuta midomo. "Ukiahidi kukaa, kisha ukaondoka, kuna jini huja kukaa badala yako. Huvaa sura yako. Na mgonjwa akilifia mkononi, sura hiyo halirudishi."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa. Mpaka mzee aondoke. Usinyanyuke hata kwenda msalani, likikuta kiti kitupu umekwisha."

Nesi alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita, ambaye kesho yake angeanza shule. Asubuhi alikuwa amemwachia jirani wa mlango wa pili, akamwambia atarudi mapema amsuke. Alipiga simu akiwa kitini.

"Dada, nimeshikwa na kazi. Niangalizie mtoto."

"Hamna shida. Ila na hizi nywele je? Amekumbatia kitana tangu asubuhi."

"Mwambie mama anakuja."

Bibi Saa alimletea beseni la wagonjwa pamoja na pazia la kumsitiri, na hakuna aliyecheka.

Saa nane kamili mchana, jua likiwa kali dirishani na wapishi wakigonganisha sahani jikoni, harufu ya kuungua ilirudi, kwanza kidogo kama uzi mmoja uliogusa moto, kisha nzito ya kukaba koo, na ndipo nesi alipojiona mwenyewe akiingia mlangoni, sare ileile, doa lilelile la chai aliyojimwagia asubuhi kwenye mfuko wa kushoto, macho yasiyopepesa hata mara moja, jini likatembea polepole hadi miguuni pa kitanda, likakizunguka kiti, likakizunguka tena, likiinama nyuma ya shingo yake kiasi kwamba alisikia vinyweleo vyake vikisinyaa kwa joto, naye akakamata kingo za kiti kwa mikono yote miwili na kusema moyoni kila neno takatifu alilowahi kufundishwa. Fundi alikuwa amefumba macho, anahema kwa shida.

Lilisimama hapo hadi karibu saa kumi na moja. Kisha likageuza kichwa, kama mtu aliyesikia akiitwa nje. Likatabasamu, likaondoka.

Fundi alikata roho saa kumi na mbili na nusu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa nesi. "Nipo sasa, baba," alikuwa akimwambia. Bibi Saa alimfunika mzee, akageuza kiti kikatazama ukuta, kisha akamkumbatia nesi na kulia bila aibu.

"Umeliweza, mwanangu. Nenda nyumbani."

Alikwenda mbio njia nzima. Jirani alifungua mlango huku akikausha mikono.

"Umesahau kitu? Si ulikuja kumchukua mtoto saa kumi na moja?"

Nesi alimwacha hapo hapo mlangoni. Alisukuma mlango wa chumba chake, na harufu ya kuungua ikampokea. Binti yake alikuwa kitandani, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka kuliko alivyowahi kusuka yeye.

"Mama, umekawia. Ulisema unatoka kidogo tu."

"Nani... nilikusuka mimi?"

"Ndiyo. Ila mikono yako ilikuwa inachoma." Mtoto alipiga miayo. "Halafu nikakuuliza utakaa na mimi mpaka niwe mkubwa."

"Nikasemaje?"

"Umeshasahau! Ulisema utakaa, hutabanduka."

Kando ya kitanda palikuwa na kigoda. Nesi alikigusa, kilikuwa cha moto. Akakikalia hivyo hivyo na kuushika mkono wa mwanawe, machozi yakimtiririka. Mtoto alikuwa ameshalala, sare yake mpya imetundikwa mlangoni. Kesho kengele ya shule ingelia saa moja asubuhi. Zamu yake nayo ingeanza saa moja.