Jina Lililotoka Kisimani

Agustina, jirani mfyatua matofali, ndiye aliyemwambia Tabitha kwanza.

"Mama Elia, kisima chenu kinanuka maziwa mabichi. Ng'ombe wangu wamegoma kunywa."

"Wamegoma, au umeshawanywesha kwingine?" Tabitha alijibu kwa sauti ndogo. Alidhani ni wivu. Tangu bomba la kijiji likauke, nusu ya Nyarero ilikuwa ikiteka kwao: wafyatua matofali, wenye bustani za vitunguu, hata wapika pombe.

"Haya, nicheke. Maji ya kuchimbwa yana mwenyewe."

Mchana ule ule, Tabitha akivuta kamba, alisikia mtu huko chini akitaja jina, taratibu, kama anayejikumbusha: Kerario. Hakumwambia mtu. Marehemu wa ukoo wa mumewe walikuwa wengi, naye alikuwa na miaka miwili tu ya ndoa. Alidhani ni mmoja wao.

Jioni mtoto wake, Elia, alianza kulia. Hadi kesho yake alikuwa bado analia, amekataa ziwa, utosi umebonyea. Mama mkwe, Nyangi, akafanya walivyofanya bibi zake: akampakata, akamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Marehemu anayetaka jina lake lirudi akitajwa, mtoto hunyamaza.

"Nyamaza, mura. Wewe ni Magige? Ni Mseti? Sema basi, usituue."

Majina yakaisha. Kilio hakikuisha, ila sauti ilianza kukauka.

"Kerario," Tabitha akanong'ona.

Mtoto akanyamaza. Akashika ziwa, akanyonya mpaka akalala. Nyangi akapiga kigelegele.

Siku iliyofuata, wakimenya mihogo jikoni, Tabitha akauliza kwa aibu, "Mama, huyo Kerario alikuwa nani hapa?"

Kisu cha Nyangi kikasimama. "Hapa? Hapa hatujawahi kuwa na Kerario. Mimi nilijua ni wa kwenu."

"Kwetu hayupo, mama."

"Sasa jina ulilitoa wapi?"

Tabitha aliweka kisu chini, kwa sababu harufu ya maziwa mabichi ilikuwa imejaa jikoni, wala haikutoka kwenye ndoo, bali ilipanda kutoka ndani ya khanga mgongoni mwake, pale mtoto alipolala kimya, kimya ambacho sasa alikumbuka kwamba hakijakatika tangu jana, hata kwa chafya, hata kwa kikohozi.

Kesho yake asubuhi alikwenda kisimani na mtoto mgongoni, akainama ukingoni.

"Jina lako nakurudishia," alisema. "Wangu anaitwa Elia."

Kisima kilikaa kimya. Aliyejibu alikuwa mgongoni, mtoto wa miezi minne, kwa sauti ya mtu mzima aliyeshiba.

"Elia yuko huko chini."

Tabitha hakugeuka, wala hakufungua khanga. Alitupa ndoo kisimani akaanza kuteka, ndoo baada ya ndoo, akichungulia kila moja kabla ya kuimwaga.