Mshono wa Kushoto

Mjomba wangu, kaka yake mama, kazi yake ni kutambua visu vya kale: vimefuliwa wapi, na nani. Hata watu wa makumbusho humfuata. Kisu chenyewe hukiweka kando, akaanza na ala. Kisu hunolewa, mpini hubadilishwa, lakini mshono wa ngozi, anasema, haujui kudanganya. Mimi hukaa naye mezani nikiandika anayoyasema.

Asubuhi moja mwezi uliopita akaja jirani yetu, mama mshonaji wa nguo, na kisu ndani ya ala nyeusi. Mafundi walikifukua chini ya sakafu yake. Tangu siku hiyo bintiye wa miaka sita alikuwa hasemi wala hali.

"Nimeambiwa nikirudishe kwa wenyewe, atapona," alinong'ona. "Niambieni tu ni akina nani."

Mjomba akaigeuza ala. Mishono yote ililalia kushoto, mafundo yamefichwa kwa ndani. Aliyeshona hivyo ni mmoja tu, babu yangu mzaa mama, mhunzi aliyefukuzwa mtaani kwa uchawi. Hata mkanda niliovaa aliushona yeye.

Mjomba akanitazama kiunoni. Kisha akasema, bila kupepesa macho, "Hiki ni cha wahunzi wa ng'ambo ya mto."

Nami nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Tulijali jina la ukoo. Mtoto alikuwa wa watu.

Wahunzi wa ng'ambo walikikataa. Siku ya tatu mtoto akafa.

Mama yake hakututukana. Alisimama mlangoni, macho makavu. "Walisema si chao. Nimekitupa mtoni." Akaenda zake. Heri angetutukana.

"Mjomba, tumemuua," nilisema.

"Mwandishi ni wewe," akajibu, akaendelea kunywa chai yake.

Jana mke wangu alipigilia msumari ukutani, plasta ikabanduka. Nyumba hii niliijenga mwenyewe mwaka juzi, tofali kwa tofali. Kisu kile kile kilikuwa ndani ya saruji, katika ala yake. Ngozi ilikuwa imelowa maji.

Nilikishika. Nikasema kwa sauti, ni chetu. Nikarudia. Ni chetu, ni cha babu, nisameheni.

Tuna binti mmoja. Tangu alfajiri namwita. Anageuka. Ananitazama. Hafumbui mdomo.