Chaguo la Kwanza la Fundi

"Nitolee nakala ya fomu yangu, mpenzi. Mama anataka kuiona kwa macho yake."

Nikaacha kuchapa. Aliyesema hivyo ni Fundi wangu, kasimama mlangoni pa duka langu la kuchapa na fotokopi, grisi ya pampu imemganda mpaka viwikoni. Mwaka wa pili huo tunapendana. Na fomu yenyewe nilimjazia mimi, siku tisa nyuma, yeye akiwa kisimani anahangaika na mota ya watu.

"Wino umeisha," nikasema.

Hapo hapo mashine nyuma yangu ikanguruma, ikatema tangazo la mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Jeusi tii!

Mzee akalichukua, akalipuliza. "Mbona wino mzuri tu, binti yangu?"

Fundi akacheka. "Unanibania karatasi?"

"Nenda kanawe hiyo mikono kwanza, usinichafulie duka!"

Akaenda zake bombani akipiga mluzi.

Mtaa mzima unaniita Dada Fomu. Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, wazazi wananijia na vijana wao. Mwenye matokeo ya kung'ara namwekea chuo kikuu cha serikali chaguo la kwanza. Wa wastani namwekea kwanza chuo cha ufundi cha hapa mjini, maana kule chuo kikuu nafasi moja inagombewa na watu thelathini. Na nina amri moja: dukani kwangu hakuna kuacha chaguo la pili wazi.

Fundi alimaliza shule akiwa wa ishirini na mbili kati ya wanafunzi arobaini na watano. Katikati kabisa, kama kitovu. Aliniambia waziwazi, "Chuo kikuu kwanza, uhandisi wa maji." Nikaitikia, nikamwekea chuo cha ufundi. Nilijiambia ni utaratibu wa kazi. Uongo mtupu! Chuo cha ufundi ni mwendo wa dakika kumi kutoka dukani kwangu, chuo kikuu ni safari ya siku nzima. Nilitaka abaki.

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni hiyo hiyo. Nikafungua fomu haraka nirekebishe kabla hajarudi. Mfumo ukadai namba ya siri, na namba ikatumwa kwenye simu yake. Nikaisikia ikilia kule bombani.

Akarudi anaikodolea macho simu.

"Wananiambia, 'Umeomba kubadili machaguo yako.' Mimi sijaomba kubadili kitu."

Mficha uchi hazai. Nikamgeuzia kompyuta. Akasoma, akarudia.

"Wamekosea hawa?"

"Hawajakosea. Niliweka mimi."

"Kwa nini?"

"Matokeo yako ya darasani, Fundi..."

"Matokeo yangu nayajua. Nakuuliza kwa nini."

Machozi yakanitoka. "Niliogopa utaondoka. Na niliogopa utakosa. Hata sijui nilianza kuogopa lipi."

Mzee akakohoa. "Wanangu, mimi naenda zangu." Lakini hakuinuka.

"Ungeniambia nisiende, tungegombana yakaisha," Fundi akasema taratibu. "Ila wewe umenikatia tamaa kabla hata hao wa chuo hawajaniona. Mama yangu hajawahi kunifanyia hivyo."

Bora angenipigia kelele. Nilimpenda mtu huyu, nami ndiye niliyemdharau kuliko watu wote.

"Nisamehe."

"Saa ngapi sasa?"

"Kumi na dakika arobaini."

"Basi andika." Akanisomea namba moja moja.

Nikabadili. Chuo kikuu kwanza, chuo cha ufundi pili. Akanyoosha kidole kwenye sehemu ya maelezo binafsi.

"'Mimi ni kijana mwenye bidii na nidhamu ya hali ya juu.' Huyu nani?"

"Huwa... nawawekea wote hivyo."

"Hata mjukuu wangu ulimwandikia hivyo hivyo," mzee akadakia, "na yule nidhamu hana hata chembe!"

Fundi alijaribu kuendelea kununa, kicheko kikamshinda. Nikapata nguvu.

"Sikiliza. Chuo kikuu wana nafasi chache za waliokwisha kufanya kazi. Hao hawapimwi kwa matokeo peke yake. Huwa sizitaji kwa vijana maana hawana cha kuandika. Wewe unacho. Nisimulie ile pampu ya hospitali."

"Si unaijua?"

"Wao hawaijui."

Akasimulia, mimi nachapa. Wodi ya wazazi ilikaa siku mbili bila maji. Kila aliyeitwa akasema pampu imekufa. Fundi akakuta pampu nzima, ila maji ya kisima yameshuka na pampu inavuta hewa. Akashusha bomba mita sita, maji yakatoka.

"Kwa nini unataka kusoma?" nikauliza.

"Kwa sababu zile mita sita nilikisia. Siku nyingine nataka niwe najua."

Nikaandika vilevile, sikuongeza neno. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano tukatuma. Akachukua nakala ya mama yake, akaondoka bila kunishika hata mkono.

Wiki tano zilizofuata sizitaki tena. Nikimtumia "Umekula?" anajibu "Nimekula." Basi. Nilijua ni haki yake kununa, lakini iliniuma.

Kisha mchana mmoja akapiga.

"Fungua ujumbe niliokutumia."

Nikasoma: "Hongera. Umechaguliwa Shahada ya Uhandisi wa Maji, nafasi za wenye uzoefu wa kazi."

Nilipiga yowe mpaka muuza vitunguu wa jirani akaja mbio. Halafu nikalia.

"Unalia furaha au nini?"

"Furaha. Na unaondoka. Vyote viwili."

"Afadhali leo umesema ukweli. Usifunge duka, nakuja."

Alikuja na mama yake, shati limepigwa pasi, mikono haina grisi hata kidogo. Mama akanitazama juu mpaka chini.

"Nimekuja kumwona aliyemwandikia mwanangu mpaka akachaguliwa. Na yule aliyetaka kumficha."

"Wote ni mimi, Mama."

"Najua. Wa kwanza nimempenda. Wa pili tutamfunda."

Fundi akaweka karatasi mezani, kaichora mwenyewe kwa rula. Juu kaandika: FOMU YA MAOMBI YA KUOA. Chaguo la kwanza: Dada Fomu. Chaguo la pili hakuna kitu.

"Umeacha la pili wazi," nikasema. "Amri ya duka langu unaijua."

"Naijua. Nijazie basi, tuone leo utaniwekea nani."

Nikachukua kalamu, nikalikata la pili kwa mistari miwili. Kisha nikagonga mhuri wa duka, nikamtolea Mama nakala yake.