Gari la Kumvusha Mama Milima ya Lípez

Kila alfajiri Nélida Vilte alipika tamale. Aliukanda unga wa mahindi, akautia nyama kavu na pilipili, akaufunga kwa maganda ya mahindi na kuupika kwa mvuke. Kulipopambazuka alikuwa tayari sokoni Tupiza, kusini mwa Bolivia, beseni likiwa limefunikwa kwa kitambaa. Wateja walimpenda. Mumewe, Eleuterio, alikuwa fundi wa kujenga nyumba. Hawakuwa matajiri, ila hawakulala njaa.

Kitu kimoja tu kilimkosesha Nélida raha. Kilikuwa gari jeupe la mdogo wake, Rosmery.

Gari lile lilipita sokoni karibu kila siku. Rosmery alipiga honi, na mama yao mzee, Bi Asunta, alikaa kiti cha mbele kama malkia. Mama akishuka alisifu viti. Alisifu redio. Alisifu hata harufu ya ndani. Nélida alimpa mama tamale ya moto na kutabasamu, lakini roho ilimuuma. Ni yeye aliyemwosha mama miguu na kumpikia supu. Sifa zote zilikwenda kwa gari.

Siku moja pale sokoni mama alisema anataka kusafiri kabla nguvu hazijamwishia. Alitaka kuliona kaburi la baba yake kule San Antonio de Lípez. Kisha avuke mpaka, aingie Chile, afike Calama kwa mwanawe Wilder. Wilder alikuwa amepata mtoto wa kike, na bibi yake hajawahi kumshika.

Rosmery alikataa kwa upole. Alisema njia ile ni mawe, mchanga na mito, na gari lake ni la mjini, litakwaruzika.

Mama aliinamisha kichwa. Nélida akajisikia akisema, "Nitakupeleka mimi, mama."

Rosmery alimtazama. "Kwa gari gani, dada?"

"Nitanunua."

Watu wa meza za jirani waligeuka. Nélida hakuwa hata na baiskeli, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Akiba yao ilitosha gari lililotumika, si jipya. Jumapili Nélida alikwenda peke yake kwenye uwanja wa magari. Hapo aliliona gari kubwa jeusi, refu kuliko la Rosmery, linang'aa kila upande. Bei yake ilikuwa chini ajabu. Papo hapo alijiona akipiga honi mbele ya nyumba ya mdogo wake. Alirudi mbio kumwita mumewe.

Eleuterio alikuna kichwa. Alisema yeye anajua matofali, hajui magari. Afadhali wamwombe jirani yao, Bi Zulma, aende nao.

Jina hilo halikumpendeza Nélida. Zulma alikuwa mjane mwenye sauti nzito na kicheko kikubwa. Miaka mingi alikuwa ameendesha gari lake mwenyewe, akiwapeleka watalii kwenye maziwa ya Lípez. Wanaume walimsalimu kwa heshima na kumwita dereva. Siku ya kwenda uwanjani Eleuterio alivaa shati safi, na Nélida aliliona shati lile. Alifunga beseni la tamale, akasema na yeye anakwenda. Hawezi kuwaacha wawili hao wakazunguke peke yao.

Uwanjani Zulma hakulitazama gari jeusi kwa nje hata kidogo. Alipiga magoti, akachungulia chini. Kisha akafungua mlango na kupapasa chini ya dashibodi.

"Hili lilizaliwa na usukani upande wa kulia," alisema. "Wameukata wakauhamishia kushoto. Ona nyaya hizi, zimefungwa kwa utepe. Ukiwa kwenye kona ya mlima, usukani huu unaweza kukuaga."

Kisha akamwomba muuzaji kadi ya gari. Muuzaji akasema karatasi zinakuja. Zulma akacheka kile kicheko chake, na Eleuterio akacheka naye. Zulma akaeleza kwamba gari lililoingizwa nchini kwa magendo linaweza kukamatwa wakati wowote. Na mpakani hawatalivusha, kwa sababu forodha hulinganisha namba ya kwenye chasisi na namba ya kwenye kadi.

Nélida aliwaangalia wakicheka, mashavu yakamwaka moto. Alihisi wanamcheka yeye. Lakini kwa kuwa alitaka kujua kila neno linalopita kati ya wawili hao, alisikiliza kila neno. Aliuliza, kwa ukali, "Na kama usukani ungekuwa mzima na kadi ipo, ungeangalia nini tena?"

Zulma alimgeukia na kumtazama vizuri. Akamjibu taratibu, kitu kimoja baada ya kingine.

Nyumbani Nélida alimlipukia mumewe. Kwa nini alivaa shati lile? Kwa nini acheke kila Zulma anapofungua mdomo? Eleuterio aliapa kwamba hakuna jambo. Alisema shati jingine lilikuwa na saruji. Nélida hakuridhika. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa Zulma na kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jirani, nimekuja kukuuliza. Unamtaka mume wangu?"

Zulma alikuwa anamenya viazi. Hakukasirika.

"Mume wako nimemweleza mara tatu gia nzito ni ipi, na bado anadhani ni breki," alisema. "Mwanamume wa hivyo nitampeleka wapi? Kaa, Nélida. Swali la maana jana uliuliza wewe. Gari mtakalonunua ataliendesha nani?"

Nélida hakuwa amefikiria hilo. Mumewe macho yake hayakuona mbali. Alikaa, akachukua kisu kingine, wakamenya viazi pamoja.

Zulma alimwambia kwanza asahau urembo. Kwa safari kama ile anataka gari fupi kidogo, lililo juu, lenye magurudumu yote manne yanayovuta, na lenye ile gia nzito ya kupanda mlima polepole. Achague la aina ambayo fundi wa kijiji anaijua na spea zake zinapatikana kila duka. Gari lenye vyombo vingi vya umeme likikwama Lípez, hakuna wa kulifungua. Tena asimalize akiba yote kwenye bei. Abakize sehemu nzuri ya tairi mpya, oili, breki, na lile ambalo halijaonekana bado.

"Rosmery atanicheka nikija na gari kuukuu," Nélida alisema.

"Atacheka. Wewe unataka Rosmery aumie, au mama yako afike?"

Nélida alimenya kiazi hadi kikabaki kidogo kama yai la njiwa. Ukweli ni kwamba alitaka yote mawili.

Tangu hapo Zulma alimfundisha Nélida kuendesha kwa gari lake mwenyewe hadi akapata leseni. Wanawake wale wawili waliyakagua magari pamoja, na Eleuterio akabaki nyumbani kuangalia sufuria. Gari moja lilitoa moshi wa bluu. Nélida akajifunza kwamba injini ile inakula oili. Jingine lilikuwa zuri juu, lakini chini chasisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi jana yake. Nélida alikwaruza kwa ufunguo. Chini ya rangi palikuwa na ufa uliochomelewa. Muuzaji akanuna. Zulma akapiga makofi mara moja tu kwa furaha.

Mwishowe walisikia kwamba daktari wa mifugo anauza gari lake la kijani. Rangi ilikuwa imepauka na kiti kimoja kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Nélida alivunjika moyo kulitazama. Hata hivyo alifanya kazi yake. Alifika asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa. Ilikuwa ya petroli, na Zulma alipenda hivyo, maana dizeli ya kawaida huganda kwa baridi ya Lípez. Nélida alifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa safi, hayana mafuta. Alichomoa kijiti cha oili. Oili haikuwa na povu jeupe. Alilala chini mavumbini, akapapasa chasisi nzima kwa mkono.

Kisha wakaliendesha kwenye kilima cha changarawe. Nélida aliingiza gia nzito, akahisi magurudumu ya mbele yakivuta. Gari likapanda polepole, bila kuhema. Kadi ilikuwa ya daktari mwenyewe, na namba zote zililingana. Kabla ya kulipa walimwita fundi asiyemjua muuzaji, akalikagua tena. Alisema libadilishwe breki na mipira ya maji. Daktari akapunguza bei kwa ajili hiyo.

Siku gari lilipofika nyumbani, Rosmery alikuja kuliona. Alilizunguka, akapitisha kidole kwenye rangi.

"Dada, hili ni la kubebea watu au kundi la llama?"

Majirani walicheka. Wivu ulimrudia Nélida mzima mzima, kama siku ya kwanza. Lakini alikwenda ndani kutafuta madumu ya petroli, kwa maana kule juu hakuna kituo cha mafuta, na alikuwa na kazi ya kufanya.

Asubuhi ya safari mama alipanda mbele na kikapu chake. Eleuterio, aliyekuwa anabaki kuangalia nyumba, alipakia jembe, kamba, maji, mablanketi na majani ya koka ya kutafuna ili kuzuia kizunguzungu cha milima mirefu. Rosmery alikuja kuaga. Alisimama pembeni, amejikumbatia. Alimtazama mama, akalitazama gari, akatazama chini. Nélida aliijua sura ile. Aliibeba mwenyewe sokoni kila siku.

Angeweza kupiga honi na kuondoka. Kidole kilikuwa tayari kwenye honi. Kisha akateremsha kioo.

"Nafasi ipo nyuma. Kachukue sweta na kitambulisho."

Rosmery akakimbia kuvichukua.

Njia ilikuwa kama Zulma alivyosema. Walipanda hadi pumzi ikawa fupi na nyasi zikawa za manjano. Huko San Antonio mama alipiga magoti kwenye kaburi la baba yake, akamwaga chini chicha kidogo, pombe ya mahindi, akazungumza naye kwa Kiquechua. Mbele zaidi mto ulikuwa umejaa. Nélida alisimamisha gari. Alifundishwa kwamba mto hupimwa kwa miguu kabla ya magurudumu. Alikuwa bado anafungua mlango, Rosmery akavua viatu na kuingia kwenye maji ya barafu na fimbo mkononi. Yalimfika magotini. Alionyesha kwa mkono pale penye changarawe ngumu. Nélida aliweka gia nzito, akapita bila kusimama.

Mpakani ofisa alilala chini, akasoma namba ya chasisi, akaitazama kadi, akagonga muhuri.

Walifika Calama jua linawaka. Wilder alitoka nje na mtoto begani. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, hata mtoto akaanza kulia kwa kubanwa. Kisha akaliangalia gari lenye vumbi na kuuliza nani aliyewavusha milima yote ile.

"Nélida," mama alisema. "Njia nzima."

Nélida alikuwa amelisubiri neno lile miaka mingi. Lilikuwa tamu kweli. Lakini alimwona Rosmery akijishughulisha na kushusha mablanketi, kichwa chini, miguu yake bado myekundu kwa baridi.

"Mtoni tusingepita bila Rosmery," Nélida akasema. "Yeye ndiye aliyeingia kwenye maji."

Mama akageuka, mkono mmoja bado begani kwa Nélida, akanyoosha wa pili kumvuta Rosmery.