Lebo Iliyobanduliwa

Nestory alibadilisha lebo ya kopo maabarani, na Modesta akapoteza jicho la kushoto. Miezi minane ikapita hajamwambia mtu.

Walikuwa wamekutana steshenari moja pale Mabatini, watu wamejaa hadi barazani. Modesta, mwalimu wa kemia aliyetoka chuo cha Butimba, kavaa gauni la kitenge cha njano, anagombana na mchapaji.

"Hiyo mbili iwe ndogo, ikae chini!"

"Madam, mbili ni mbili tu."

Nestory akapenyeza kichwa. "Kalsiamu ina chaji mbili, kloridi moja. Lazima kloridi ziwe mbili. Ishushe, dada."

Modesta akamkagua toka viatu hadi kofia. "Na wewe nani?"

"Mtunza maabara wa shule unayohamia, jina lake naliona juu ya karatasi yako. Niliishia kidato cha pili, ila chaji nazijua."

"Basi nibebee karatasi, mtaalamu."

"Karatasi tu? Hata mwenye karatasi nambeba."

Modesta akacheka hadi akaziangusha. Baada ya miezi mitatu walikuwa wachumba.

Kopo lilikuja na msaada wa vifaa. Lebo ilisema CaH₂. Nestory akaguna. Kalsiamu ni chanya, na haidrojeni aliijua kwenye asidi, nayo chanya. Chanya na chanya haziungani. Akaona mwandishi kasahau oksijeni. Juu yake akabandika lebo mpya: Ca(OH)₂, chokaa. Hakumwuliza Modesta, alitaka alikute kabati limepangika.

Modesta akachota unga wa kopo lile, akaumwagia maji atengeneze maji ya chokaa. Ukachemka kwa kishindo, gesi ikadaka moto wa taa ya spiriti. Glasi ikapasuka usoni mwake.

Jioni Nestory akafungua kitabu cha mchumba wake. Haidrojeni ikikutana na metali kama ile, huchukua elektroni, inakuwa hasi moja. Kalsiamu moja, haidrojeni mbili. Fomula ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Akabandua lebo yake, akaichoma. Ile ya zamani ikabaki wazi, wakaguzi wakaikuta. Wakaandika kwamba mwalimu hakusoma lebo vizuri, wakamwachisha kazi.

Nestory akaacha kwenda kwa akina Modesta, Buswelu. Soda ikifunguliwa, ile sauti ya gesi inamtoa jasho. Siku moja simu ikalia.

"Nesto, niambie kweli. Ni huu uso?"

"Sio uso, mpenzi."

"Basi njoo uuangalie."

Akaenda Buswelu. Modesta alikuwa amefunga kitambaa cheusi kikishuka upande mmoja.

"Kopo lile naliona kila nikifumba jicho hili lililobaki," alisema. "Na kila mara nasoma chokaa. Nadhani nimerukwa na akili."

"Ulisoma sawasawa. Niliandika mimi, nikaja kuibandua."

Modesta akakaa chini polepole.

"Uliibandua lini?"

"Siku ile ile."

"Kuiandika nakusamehe. Hukujua, na mimi ningekufundisha kwa dakika tano. Lakini kuibandua ulijua, Nestory. Ukaniacha nijikatae mwenyewe."

"Nitaenda kusema shuleni."

"Nenda. Hapa usirudi."

Jumatatu akaandika yote, akatia sahihi. Modesta akarudishiwa darasa lake.

Gharama ya lebo ile: jicho moja. Miezi minane ya mwalimu kujiona kichaa. Kazi ya Nestory ya miaka kumi na tisa, aliyofukuzwa. Na mahari: ng'ombe sita walirudishwa na kaka yake Modesta, akawafunga uani kwa Nestory, akaondoka bila kusalimia.