Aliyembeba Kapinga

Saa kumi na moja jioni nilikuwa bado nimesimama mbele ya jengo la zamani la serikali hapa Nchelenge, kando ya ziwa, nikingoja karatasi ya ruhusa. Sisi tuliotoka Kongo hatutoki kambini bila karatasi hiyo, na binti yangu Kapinga, wa miaka saba, alitakiwa kufika hospitali ya Mansa kuongezewa damu. Muuguzi alisema kesho. Si keshokutwa.

Kapinga alikuwa amelala juu ya kitenge langoni, karibu na Agness, mama anayeuza samaki wa kukaanga.

"Ba ticha!" Agness aliniita. "Kuya umupe mutoto maji. Anasema kikombe yangu inanuka samaki. Mugonjwa na bado anachagua!"

Mbele yangu walibaki watu wanne. Hapa mtu akitoka kwenye foleni huacha jiwe mahali pake, na hakuna anayelivuka. Lakini uwanja ulikuwa umefagiwa. Nikakimbia nyuma ya jengo. Kati ya ukuta na mlingoti wa bendera wa enzi za wakoloni kulikuwa na lundo la mawe meusi. Nikachukua moja. Lilikuwa baridi, kama limetoka ziwani sasa hivi.

Nilifundisha historia miaka kumi na miwili kule Pweto. Nilikuwa nimesoma juu ya wapagazi waliokamatwa kando ya ziwa hili kubeba risasi na unga kwenda kaskazini katika vita vya kwanza vya wazungu, wakafa njiani bila kuandikwa popote. Sikujua kwamba hapa kila mmoja wao aliwekewa jiwe. Agness aliniambia baadaye.

Lundo halikuwa na kibao.

Nililiweka jiwe mahali pangu kwenye foleni, nikaenda kumnywesha Kapinga maji. Dakika tano tu... Niliporudi, wale wanne walikuwa wamekwisha kuhudumiwa, na mtu alikuwa amesimama mahali pangu.

Mwembamba. Gunia begani. Harufu ya moshi uliolowa. Bega lake la kulia lilikuwa limebonyea, kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi.

"Papa," nilinong'ona, "hii ni nafasi yangu. Mutoto yangu iko mugonjwa."

"Jiwe ni yangu."

"Minakuomba, papa. Iko na miaka saba tu."

Akageuka. Akanitazama kwa huruma, nadhani. Hata leo sithubutu kusema ilikuwa kitu kingine.

"Basi haiko muzito," akasema. "Nitamubeba."

Karani akaita. Mtu yule akaingiza mkono dirishani. Nikasikia muhuri...

Pa!

Nilipofika dirishani hapakuwa na mtu. Kasonde, karani, alikuwa akifunga daftari.

"Sijapata karatasi yangu," nikamwambia.

"Ba ticha, munacheza? Si nimewaandikia sasa hivi? Kidole yenu ni hii."

Akafunua daftari. Jina la Kapinga. Pembeni, alama ya dole gumba, ya matope mabichi. Palipotakiwa kuandikwa Mansa, paliandikwa neno moja: Kaskazini. Kasonde alilisoma mara mbili. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Nikakimbia langoni. Kapinga alikuwa palepale, kichwa mapajani mwa Agness. Nikamshukuru Mungu. Nikamnyanyua.

Hakuwa na uzito.

Macho yalikuwa wazi, kifua kikipanda na kushuka, lakini mikononi mwangu alikuwa mwepesi kama kitenge kitupu. Agness akaanza kusali kwa Kibemba.

"Papa," Kapinga akanong'ona, "umwambie aende polepole."

"Nani?"

"Ule ananibeba."

Kesho yake Kasonde alituandikia karatasi nyingine, tukaenda Mansa. Wakamwongezea damu, homa ikashuka. Uzito haukurudi. Wazee wa hapa walilirudisha jiwe kwa maombi. Hawakunilaumu, wala mimi sijamlaumu mtu. Hata yule, huenda alikamatwa akiwa ameacha mtoto wake nyumbani.

Miezi mitatu sasa. Kila jioni Kapinga hutaja walikofika yeye na anayembeba. Mununga. Kaputa. Kisha majina yasiyokuwemo kwenye ramani yoyote niliyo nayo. Anasema wako wengi, na hakuna anayeimba.

Jana aliniuliza, "Papa, mutu wa kubeba akianguka, muzigo anapewa nani?"

Nikamwambia wenzake huuchukua.

"Hapana, papa. Naangalia kila siku. Banaachaka muzigo palepale." Akatega sikio. "Na ule wangu anaanza kukohoa."